Maiki Chini ya Blanketi

Aibu hii nilikuwa nimeifungia ndani kabisa, na kama mke wangu asingekuwa anaicheka kila tukipata wageni ningeenda nayo kaburini, lakini bora niisimulie mwenyewe, maana yeye huongeza chumvi.

Kwa wasionifahamu (ingawa siku hizi Uvira nzima inanifahamu), mimi ndiye yule niliyeondoka hapa na begi moja, nikaishi Durban, Afrika Kusini, nikiosha magari mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya elektroniki na mtaji wa kufungua duka langu la sola na redio, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Sisemi haya kwa majivuno. Basi, kidogo ni kwa majivuno.

Kule Durban nilimpenda Furaha, msichana wa kwetu aliyekuwa anasuka nywele katika saluni moja ya Pinetown. Yeye alikubali, kazi ikabaki kwa babake. Papa Furaha alikuwa mtafsiri wa kanisa letu: mhubiri akisema Kiswahili yeye anakigeuza Kiingereza palepale, sentensi kwa sentensi, mhubiri akirusha mkono naye anarusha, mhubiri akilia naye analia, na alijisifu kwamba tangu aanze kazi hiyo hajawahi kuongeza neno wala kupunguza. Kila nilipomwomba niwalete wazee kwa ajili ya mahari alinijibu hivi: "Kijana, wewe uko na maneno mengi. Bado sijasikia la kwako hata moja."

Ndipo nikapata wazo. Nilikuwa nimejiunga na klabu ya wale watu wenye leseni za redio, wanaozungumza na watu wa nchi za mbali bila simu wala bando, kwa kupenda tu, na mtihani wao nilikuwa nimeufaulu majuzi. Jumamosi moja, katikati ya majira ya baridi, klabu ilikuwa inapeleka redio zake juu ya Bluff, kule kwenye kilima kinachoitazama bandari, nami nikamwalika Papa Furaha na binti yake waje kunishuhudia nikizungumza na dunia. Nilijiambia, akisikia mtu wa Brazili ananijibu, atakosa la kunikatalia.

Baridi ya Durban wenyeji huicheka, lakini mimi ni mtoto wa Uvira, na upepo wa asubuhi ile ulikuwa unapita kwenye koti kana kwamba nimelivaa kwa ajili ya picha. Nilivaa makoti mawili, kofia ya sufu, na juu ya yote nikajifunika blanketi zito la kitandani (Furaha alisema nafanana na mgonjwa aliyetoroka wodini). Mwenyekiti wa klabu, Mhindi mmoja mrefu na mpole, akanieleza kwamba anayeanza hukaa na mzoefu, kwa hiyo yeye atakaa nami. Nikamtazama, nikamtazama Papa Furaha anayetutazama, nikasema, "Asante, lakini mimi niko na diploma."

"Sharp," akasema mwenyekiti, yaani sawa, akaenda zake kwenye meza ya chai.

Nikashika maiki, nikaita. Nikaita tena. Nikabadilisha sauti, nikaita kama mtangazaji wa habari. Kimya.

"Dunia imelala?" akauliza Papa Furaha.

"Ni baridi, Papa. Mawimbi yanapita polepole." (Hakuna kitu kama hicho, na hata nilipokuwa nasema nilijua hakuna.)

Akasema anaenda kutafuta chai wakati mawimbi yanakuja. Pale kwenye meza ya chai palikuwa na redio nyingine, ambayo wanachama waliiacha wazi wasikie wenzao wanavyoendelea. Alipoondoka tu, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikaichomeka maiki kwapani, ndani ya blanketi, nikajikunyata.

"Ile taa nyekundu iko inasema nini?" akauliza Furaha.

"Inasema redio imepata joto. Ni vizuri."

Kwa wasiojua redio hizi: taa ile huwaka ukibonyeza kitufe cha maiki, na kikiwa kimebonyezwa kila usemalo linakwenda hewani, na wewe humsikii mtu yeyote.

Basi nikaanza kuzungumza. Nilimwambia Furaha asiwe na wasiwasi, babake ni mtu rahisi, ukimpa neno refu la kizungu anatikisa kichwa, nikishindwa kabisa nitamwambia nimeongea na Brazili wakati yeye anakunywa chai, atajuaje? Nikasema wazee wa klabu wana mvi tu, diploma hawana, na mwenyekiti anafunga antena kama mtu anayeanika chupi. Furaha alicheka, na kicheko chake kilinipa nguvu ya kuendelea.

Kule kwenye meza ya chai watu walikuwa wamemzunguka Papa Furaha, naye amesimama wima kama yuko madhabahuni. "Ona," nikasema, "babako amepata waumini." Nikanyoosha mkono kumwonyesha.

Furaha hakutazama kule. Akaniuliza taratibu, "Lakini wewe, kwa nini unamwogopa hivyo?"

Nikamjibu ukweli. Nikasema nikinyamaza mbele yake ataona kwamba sina kitu, sina baba wala mama wa kunisindikiza, nina karatasi moja ya shule na wewe, na wewe bado si wangu. Ndiyo maana nasema sana.

Kisha nikapiga chafya kubwa. Mezani watu wote wakatugeukia.

"Maiki iko wapi?" akauliza Furaha.

Niliposimama, blanketi likaanguka na maiki nayo, kitufe kikaachia, na redio ikajaa sauti za watu wa kila namna wakiomba yule anayekalia kitufe ajitazame. Mwenyekiti alikuwa tayari njiani.

"Kwa hiyo mimi naanika chupi," akasema.

Nilitamani upepo unichukue mpaka baharini.

"Eish, mzee wako anatafsiri vizuri. Tulimwomba atuambie ni nani anatufungia hewa, akatugeuzia yote kwa Kiingereza, na mikono pia. Mwishoni tu alikataa. Tukamuuliza sasa anasema nini, akatuambia, hii si ya kwenu."

Akavuta kiti, akakaa nami, akaniambia nisibonyeze kitu, nisikilize. Nikasikiliza. Kumbe kulikuwa na bwana mmoja wa Zambia akiita kwa subira, nikamjibu, akasema ananisikia vizuri.

Papa Furaha akaja na vikombe viwili vya chai, kimoja akanipa.

"Walete wazee," akasema. "Lakini siku hiyo wewe utakaa kimya."

"Papa, kwa desturi yetu bwana harusi hukaa kimya hata hivyo."

"Najua desturi. Ni wewe nakukumbusha."

Tangu hapo nimeapa kutofungua mdomo karibu na redio kabla sijajua maiki iko wapi. Na siku ya mahari nilikaa kimya tangu sala ya kwanza hadi ya mwisho, mikono yote miwili juu ya magoti, watu waone kwamba sijashika kitu.