Mbuzi Aliyekula Kitenge cha Chama

Kila ninapopiga pasi nguo iliyotiwa wanga wa mihogo, ile harufu ya ugali unaoanza kuungua hunirudishia mbuzi wetu wa utotoni mjini Kindu, enzi za chama kimoja.

Mama alikuwa ametia wanga kitenge chake cha chama, chenye uso wa Raisi mbele na nyuma, ili kisimame vizuri siku ya kumchezea gavana ngoma. Akakianika uani. Mbuzi alipita majani mabichi kana kwamba hayaoni, akaanza kulamba wanga taratibu, macho ameyafumba, kisha akaendelea na kitambaa chenyewe.

Mkubwa wa chama wa mtaa wetu alipoingia kuwaita wanawake, alimkuta anatafuna, jicho moja la Raisi likining'inia nje ya mdomo.

Baba, fundi wa reli, alivua kofia. Watu walifungwa kwa mambo madogo kuliko hilo. Bibi ndiye aliyejibu, bila kuacha kupepeta mchele.

"Sitwayeni," alisema, yaani mwananchi, kama chama kilivyotaka watu waitane, "sisi tunamubeba Raisi ndani ya roho. Huyu anamubeba ndani ya tumbo."

Mkubwa yule alitazama kwanza barabarani, ndipo akacheka. Kisha akamwambia baba, "Basi muichunge muzuri, papa. Iko na Raisi ndani."

Mbuzi yule alikuwa akinenepeshwa kwa ajili ya Noeli. Noeli ikafika, nyingine zikafuata, na kila mara baba alinoa kisu akakirudisha ndani. Nani angethubutu kupasua tumbo lile? Tulikula sombe, yale majani ya mihogo, bila nyama, yeye akitutazama kutoka uani, akinenepa, mpaka akafa kwa uzee.