Bi Disketi na Kompyuta ya Duka la Mbao

Bi Disketi alikuwa akiwadharau watu kwa mpangilio. Mbele kabisa walikuwa mafundi simu wa vibandani, ambao kwake hawakuwa mafundi bali wabandika vioo. Wakafuatia wauzaji wa kompyuta mpya, na nyuma yao wanunuzi wao, watu wanaotupa kitu kwa sababu tu wamekizoea. Shemeji yake, mwenye duka la mbao, alikuwa na daraja lake peke yake. Huyo alimdharau kidogo kidogo, kwa kipimo, kwa sababu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na kwa sababu ndiye aliyebaki na kompyuta ya mwisho.

Katika ujana wake alikuwa mchapaji kwenye ofisi moja kubwa. Ofisi ilipobadilisha kompyuta, zile za zamani zilirundikwa uani zinyeshewe mvua, naye akazibeba moja moja hadi nyumbani. Tangu siku hiyo wageni wake walikalia ncha za makochi, maana sehemu iliyobaki ilikaliwa na vioo vizito vyenye visogo virefu. Akawa akiwahudumia wote waliobaki na mashine za rika hilo: daktari wa meno, mchonga mihuri, shule ya udereva. Mmoja mmoja wakamwacha. Daktari wa meno alimweleza kwa upole kwamba ameamua kwenda na wakati.

"Nenda nao," Bi Disketi akamjibu. "Ukirudi unipitie."

Hakurudi.

Likabaki duka la mbao. Kompyuta yake ilikaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya msumeno mkubwa, ikimeza vumbi la mbao mchana kutwa. Feni pekee ya kibandani iliielekea yenyewe. Watu walijipepea kwa risiti. Kila asubuhi Bi Disketi alifika kabla ya wapakiaji, akaipangusa kwa brashi ya rangi, akaipiga kofi ubavuni, palepale pa siku zote, kisha akabonyeza kitufe na kusubiri ikikohoa. Betri ya saa ya ndani ya mashine ilikwisha kufa, na programu ya mauzo ilikuwa ya zamani mno, haikubali miaka ya sasa. Kwa hiyo kila asubuhi aliiambia kwamba ni miaka ishirini na nane iliyopita. Si thelathini, si ishirini na tano. Risiti zilitoka na mwaka huo wa kale, naye akagonga muhuri wa tarehe ya kweli juu yake.

"Mama, hapa inaonekana nilinunua mbao hizi kabla sijazaliwa," mteja mmoja alimtania.

"Ndiyo maana hukuchagua vizuri," akasema, akaita mwingine.

Siku moja shemeji yake aliingia kibandani akiwa ameshika kikombe, akakizungusha mkononi muda mrefu bila kunywa. Bi Disketi alimjua. Mtu huyo akizungusha kikombe, ana jambo la kipumbavu.

"Shemeji, Jumatatu kuna mtu anakuja kuhamishia mambo yetu kwenye mashine mpya."

"Mambo yenu yana miguu?"

"Ni wewe tu unayeijua hii. Ukiugua je?"

"Nimeugua lini?"

"Sijasema umeugua."

"Basi usiniombee." Akasonya. "Mwambie huyo mtu wako kwamba mashine hii haifunguliwi. Ikifunguliwa, imekufa. Kazi itamchukua mwezi, na kila siku atanipigia simu akilia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyejali. Lakini akirudi nyumbani jioni ile alikuwa amekwisha kupiga hesabu moja tu: kompyuta ile ikiondoka, hapatakuwa na mtu mji mzima anayemhitaji Bi Disketi asubuhi. Faraja yake ilikuwa kwamba mashine mpya haziwezi kazi, na wanaozileta hawajui kitu. Debe tupu haliachi kuvuma. Wataharibu, wataona haya, watamfuata.

Jumatatu alikuja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, begi mgongoni, kucha ndefu za zambarau. Bi Disketi alimpandisha akamshusha, na kila alipopita na macho alikuta kosa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hizo kucha zinaandika kwenye kibodi au zinaitekenya?"

"Zinafungua hata skrubu, mama," mgeni akasema, akaanza kutoa vifaa vyake begini. "Naweza kuizima?"

"Izime. Mimi simo."

Akaagiza chai. Alitaka awe na kitu cha kunywa wakati wa aibu ya mgeni. Akaegemea ukuta, mikono kifuani, huku shemeji yake akitazama mara kompyuta, mara yeye, kama mtu aliyempeleka mgonjwa kwa mganga bila kumwambia mkewe.

Mgeni alifungua sanduku, akapuliza vumbi, akachomoa diski. Bi Disketi alisubiri moshi. Diski ikaunganishwa kwa waya mfupi kwenye kompyuta ndogo ya mgeni, na moshi haukuja. Badala yake yalianza kushuka majina: wateja wote wa duka, mbao walizochukua, upana na urefu, kwa vifupisho vyake mwenyewe Bi Disketi. Hata yule seremala aliyezikwa zamani alikuwemo, bado ameandikwa "mteja mpya".

"Ndiyo hayo?" shemeji akanong'ona.

"Ndiyo haya. Yote."

Chai ilikuwa bado ya moto. Bi Disketi hakuigusa.

Mgeni akainama karibu na kioo. "Mama, tarehe hizi ulikuwa unazirudisha nyuma miaka ishirini na nane."

"Unaniuliza au unanishtaki?"

"Hapana. Ili Jumatatu ibaki kuwa Jumatatu, maana kalenda hujirudia kila miaka ishirini na nane. Vizuri sana."

Bi Disketi akashusha mikono. Miaka yote watu walimuuliza kwa nini ishirini na nane, naye alimjibu kila mmoja kwa dharau inayomfaa. Hakuwahi kupata mtu asiyeuliza. Kueleweka na mwenye kucha zile kulimkera kuliko kutukanwa. Na mwanamke yule hakukaa kulifurahia hilo. Aliandika mstari mmoja tu, na wateja wote, wazima na wafu, wakaruka miaka ishirini na nane mbele kwa pamoja.

Shemeji yake alikohoa. "Kiti ni chako, shemeji. Siku zote. Ila kwa hii mpya."

Bi Disketi akachukua mkoba wake, akatoka. Alipofika kwenye rundo la mbao karibu na geti, mpakiaji mmoja aliinua kichwa.

"Mama, leo mapema?"

Akasimama. Aliona sebule yake, na zile mashine zilizookolewa ili zikae, na yeye amekaa katikati yake akingoja abishiwe hodi. Mnunuzi wa vitu vipya alikuwa mjinga, hilo halikubadilika. Lakini mtu mzima anayejifungia ndani akisubiri kubembelezwa, huyo alimdharau zaidi. Alikuwa na ndugu wa aina hiyo wawili.

"Mapema kwako," akamwambia, akarudi.

Kibandani alimtazama mgeni, akatazama kiti.

"Sogea."

Mgeni akasogea. "Weka neno la siri, mama. Lako mwenyewe."

Bi Disketi aliandika kwa kidole kimoja, kwa kinyaa, kama anayebonyeza jipu la mtu.

"Inasema nini?"

"Dhaifu."

"Dhaifu nani?"

"Neno, mama."

Akaandika jingine, refu zaidi.

"Hili ni la wastani."

Nje wapakiaji walikuwa wameacha kupakia. Shemeji akakumbuka ghafla kwamba kuna mbao za kukagua, akatoka, mabega yakimtikisika. Bi Disketi akavua saa ya mkononi, akavuta kiti.

"Geukia huko. Usichungulie."

Akaandika tusi moja refu ambalo marehemu mumewe aliliweka kwa ajili ya misumari iliyopinda, akachanganya herufi kubwa na ndogo, na mwishoni akaongeza namba ya nyumba yao. Kioo kikamwonyesha neno la kijani: imara.

"Angalau lugha inaifahamu," akasema. "Haya, risiti inaandikwa wapi?"