Jeneza la Usipa

Juzi runingani walikuwa wakimsifu mwongozaji mashuhuri wa filamu zinazofanana na ndoto. Ghafla, katika kipande cha filamu yake, nikamwona mama yangu, akilia ufukweni Mbamba Bay.

Nilikuwa mdogo alasiri ile waliyompiga picha. Mchanga ulinuka usipa, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa. Yule mwongozaji, na wageni wenzake wenye kamera, alileta jeneza lililonukia mbao mbichi, akawaomba akina mama waigize msiba. Lakini kwetu halililiwi jeneza bure. Mama alimlilia kaka Kasto, aliyezama ziwani asipatikane. Nikadhani wamempata.

"Mama, ni Kasto?"

"Nyamaza, mwanangu. Niache nimlilie."

Wakafungua jeneza. Usipa watupu! Wageni wakapiga makofi.

Sasa mwongozaji ni mzee, anatabasamu runingani: "Machozi yale niliyaota."

Mwongo. Mama alikuwa akimwita Kasto kwa jina. Katika filamu wameizima sauti yake, wakaweka kinanda.