Jibu la Dirishani

Kokubanza wa Kimuli hakujua kusoma, na hakuwahi kuona haya kulisema. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye kibanja cha migomba na kahawa upande wa chini wa barabara, na majirani walikuwa na msemo wao juu yake: ukitaka Kokubanza aketi, mwambie asimame. Mwaka mmoja wakaguzi wa kilimo walipopita wakiamuru migomba yenye wadudu ing'olewe, mmoja wao alitia alama kwenye shina ambalo marehemu mama yake Kokubanza alilipanda kwa mkono wake. Kokubanza hakugomba. Alitandika nyasi chini ya shina lile, akaketi, akaanza kumenya ndizi za mchana. Mkaguzi akangoja. Ndizi zikaisha, Kokubanza akavuta kikapu cha maharage, akaanza kuchambua. Mkaguzi akatazama kile kikapu kilivyojaa, akaenda zake kwa jirani.

Basi huyo ndiye mwenye habari hii. Sasa sikilizeni jinsi alivyopenda vitabu.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha na watu kurudi makwao, Kimuli ilijengewa nyumba ya kusomea, ubavuni mwa ghala la kahawa la chama cha ushirika. Nasema ilijengewa, lakini walioijenga ni wenyewe. Wanaume walikanyaga udongo wa matofali. Wanawake walishuka bondeni kukata nyasi za kuezekea, wakapanda nazo kichwani, na Kokubanza alibeba mizigo hata shingo ikamkaa upande. Kisha lori likaleta sanduku la vitabu vya Kiswahili, na kila Jumamosi mlango ukawa wazi.

Wasomaji wa siku zile hawakusoma kwa macho peke yake. Walisoma kwa mdomo, kwa sauti, kidole kikifuata mstari kama mtu anayefuata njia ya siafu. Ta Kamugisha, askari mstaafu aliyerudi kutoka Burma na goti bovu, alishika hadithi ya mfalme aliyekimbiwa na mkewe. (Huko "Ta" ni baba na "Ma" ni mama, ndivyo mkubwa anavyoitwa kwa heshima.) Kwenye benchi lile lile, fundi cherehani alisoma kijitabu cha kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kila mmoja akipaza sauti ili asimsikie mwenzake.

Kokubanza aliketi nje, chini ya dirisha, na jamvi lake la kuchambulia kahawa, akavisikia vitabu vyote kwa pamoja. Jioni alipowasimulia wenzake ikatoka hadithi moja: palikuwa na mfalme, mkewe akawa anatoroka kila mvua kubwa ikinyesha, mpaka mfalme aliposhauriwa kuchimba matuta kukata mteremko na kupanda majani kwenye kingo, ndipo mke akatulia.

Kemirembe, jirani yake, alicheka mpaka akashika mbavu. "Ma Kokubanza! Na samadi je? Hawakusema habari ya samadi?"

"Walisema. Ilipelekwa kwa mama mkwe."

Miaka ikaenda hivyo, hadithi zikitoka dirishani na kufika majikoni. Halafu akaja Protase.

Protase alikuwa karani kijana kutoka Muleba, aliyeletwa kuitunza nyumba ile, kasoma misheni, shati limepigwa pasi hata kola ikasimama kama ubao. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuta kurasa zina masizi ya vidole, na nyumba ina makelele kama gulio. Akabandika ukutani karatasi yenye neno moja kubwa: KIMYA. Tena akatangaza sheria ya pili: nyumba ya kusomea ni ya wanaosoma, asiyejua asiingie kujaza benchi.

Jumamosi iliyofuata wasomaji walikaa wakichezesha midomo bila sauti, kama watu wanaotafuna buni za kahawa. Dirisha likawa bubu. Kokubanza aliketi chini yake tangu asubuhi, akasikia kurasa zikigeuzwa, basi.

"Leo wamesoma nini?" Kemirembe aliuliza jioni.

"Wamesoma upepo."

Hapo ndipo habari ilipofika kwamba mwandishi wa kitabu anakuja Kimuli. Jina lake Ndyamukama, mtu wa Bukoba. Ametunga hadithi zikapigwa chapa, na sasa anazunguka na lori la vitabu kuzisoma mwenyewe mbele ya watu na kuulizwa maswali. Kimuli haikuwahi kumwona mtu wa namna hiyo. Walikuwapo waliodhani kitabu hutoka kiwandani kama sabuni, hakina mwenyewe.

Kokubanza akashikwa na tamaa ambayo hakuificha. Alitaka kusikia hadithi moja nzima, isiyochanganyika na matuta, kutoka kinywani mwa mwenye nayo, akiwa ameketi ndani ya nyumba aliyosaidia kuiezeka. Akatawadha miguu, akamwendea karani.

"Shikamoo, mama," Protase alisema, akasimama. Adabu alikuwa nayo.

"Marahaba, mwanangu. Siku ya mgeni nitaketi wapi?"

"Mama unajua kusoma?"

"Najua kusikia."

Protase alikuna kidevu. "Siku hiyo nitasimama mlangoni na karatasi yenye mstari mmoja. Atakayeusoma ataingia. Nafasi ni ndogo, mama. Nikiruhusu kila mtu, wasomaji watakaa wapi?"

"Hizo nyasi zilizo juu ya kichwa chako, unajua nani alizikata?"

Karani alitazama juu bila kutaka. "Mimi sikuwapo, mama."

"Ndiyo maana nakuambia."

Siri ya karatasi haikukaa. Kabla ya siku yenyewe Kimuli nzima ilikwisha kuujua ule mstari: Kahawa ivunwe ikiwa nyekundu. Watoto waliuimba kisimani. Wanaume wasiojua hata herufi moja walitembea wakiunong'ona kama sala. Kemirembe naye akaja mbio kwa jirani yake.

"Sema nyuma yangu, Ma Kokubanza. Kahawa ivunwe..."

"Sisemi."

"Ni maneno manne tu! Hata kasuku angeingia."

"Basi na aingie kasuku. Mimi nikipita mlango ule kwa mstari wa kukariri, nitakuwa nimekubali kwamba asiyesoma hana haki ya kusikia. Sikubali. Nyumba niliyoibebea nyasi mchana kweupe, siiingii kwa hila."

"Utabaki nje."

"Nje kuna dirisha."

Siku ikafika. Lori lilisimama mbele ya ghala, vumbi likatua, watu wakajipanga. Protase alisimama mlangoni na karatasi yake. Wa kwanza akapita, wa pili akapita. Kemirembe alipofika aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kanisani: "Kahawa ivunwe ikiwa nyekundu!"

Protase akaichukua karatasi taratibu, akaigeuza. "Mama, kahawa yako imesimama kwa kichwa."

Waliokuwa nyuma wakaangua kicheko, na wengi wao wangeweza kuishika vile vile. Kemirembe akatoka kwenye mstari, kanga usoni, akazunguka nyumba mpaka chini ya dirisha. Kokubanza alikwisha tandika jamvi. Akasogea tu, akampa nafasi.

Ndani, kabla ya kumwita mgeni, Protase aliwaonya watu wake. Wakasikia dirishani kila neno. "Watu wa Bukoba hutuona washamba. Leo hapana kukohoa, hapana kuguna, hapana kumjibu mgeni mpaka nitakapotangaza maswali. Nataka nisikie nzi."

Na watu, kwa kupenda sifa ya mahali pao, wakaapa kuwa kimya kama mawe.

Ndyamukama akasimama. Kokubanza alichungulia kwenye pembe ya dirisha, akamwona: mtu mwembamba, miwani imejaa vumbi, kitabu kimebanwa kwapani kama kuku wa kupeleka ukweni. Kitabu chake kilikuwa cha Kiswahili, lakini alipofungua kinywa alianza kama wanavyoanza wazee wa kwao wote.

"Nkaija nabona," alisema. Yaani: nilikuja, nikaona.

Ninyi mnaosoma haya na hamkulelewa huko, jueni hivi. Neno lile si salamu tu. Ni hodi. Msimulizi akishasema amekuja akaona, wasikilizaji sharti wajibu: "Bona tulole" — ona, nasi tuone. Ndiyo karibu yake. Asipojibiwa, hana ruhusa ya kuendelea, na maana yake ni kwamba hadithi yake imekataliwa pamoja na yeye mwenyewe.

Hakuna aliyejibu. Protase akatabasamu kwa fahari, maana hata nzi alisikika.

"Nkaija nabona," mgeni alirudia, sauti imepungua.

Ta Kamugisha alifungua mdomo, akaitazama karatasi ya ukutani, akaufumba. Hata msafiri wa jangwani hajanyimwa maji namna ile. Ndyamukama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akakifunga kitabu. Mkono ukaanza kutafuta kofia.

Kokubanza akasimama dirishani, akaingiza kichwa na mabega.

"Bona tulole!"

Vichwa vyote vikageuka. Protase akavuka chumba kwa hatua ndefu, akanong'ona kwa hasira: "Mama, nakuomba uondoke. Unatuaibisha mbele ya mgeni."

"Mmemwaibisha ninyi. Mtu amebisha hodi mara mbili, mmemwacha uani na mvua."

"Sheria ni kimya!"

"Sheria yako ina umri gani? Hii yangu niliikuta kwa bibi, naye aliikuta."

Protase akavuta ubao wa dirisha, akaufunga, komeo likalia. Nje wanawake wawili wakabaki wakitazama mbao.

"Basi twende nyumbani," Kemirembe alisema. "Umeshajibu, inatosha."

"Haijatosha. Nimemkaribisha mtu halafu nikafungiwa mlango kabla hajaketi. Inuka."

Akakunja jamvi, akaliweka begani, akazunguka nyumba. Mlangoni Protase alikwisha mtangulia, karatasi mkononi.

"Soma mstari, mama. Ukisoma utapita."

Kokubanza aliichukua, akaitazama kwa makini, akamrudishia upande ule ule. "Huu sijui kuusoma, na sitakudanganya kwamba najua. Sasa nisukume, mwanangu. Nisukume watu waone."

Protase hakuinua mkono. Ni kijana gani, aliyelelewa na mama, angeuinua? Alibaki amesimama, na alipobaki amesimama Kokubanza alipita ubavuni pake, akaingia mpaka katikati ya chumba, akatandika jamvi sakafuni mbele ya mgeni, akaketi. Kemirembe akaingia nyuma yake na kanga yake usoni, akaketi pia, akaishusha kanga.

"Haya, Ta," Kokubanza alimwambia mwandishi. "Umekuja ukafanya nini?"

Ndyamukama alimtazama. "Nilidhani mmenikataa, mama."

"Walizibwa midomo. Bisha tena."

"Nkaija nabona!"

"Bona tulole!" akajibu Kokubanza, na Kemirembe, na Ta Kamugisha akapiga goti lake bovu, na fundi cherehani, na benchi zima, sauti ikapanda mpaka kwenye nyasi za paa. Abdulatifu mwenye duka, ambaye ukoo wake ni wa Bagamoyo, akamwinamia jirani: "Hata kwetu, paukwa ikikosa pakawa, bibi huenda kulala."

Hadithi ilikuwa ya mfalme mwenye kiburi aliyeachwa na watu wake mmoja mmoja. Ndyamukama aliisoma vizuri, na kila alipotua, watu walimsukuma mbele: ehee, kisha? Protase alisimama chini ya KIMYA yake, mikono mara nyuma, mara mbele, asijue aiweke wapi. Mwisho mgeni akaomba maswali. Kokubanza wa kwanza.

"Mfalme wako ni mzuri, Ta. Lakini watu wake walipokuwa wakimtoroka, mbona hakuchimba matuta?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mwandishi aliduwaa, Ta Kamugisha akaficha uso katika kofia yake, fundi cherehani akatazama paa kama mtu asiyehusika.

Lori likaondoka. Watu wa Kimuli wakasema, mgeni amekwenda, sasa tutaona.

Jumamosi iliyofuata, mlango ulipofunguliwa, Kokubanza alikuwa amekwisha fika, jamvi begani na kikapu mkononi. Nyuma yake walikuwapo Kemirembe na wanawake wengine ambao hawakuwahi kuvuka kizingiti kile.

"Shikamoo, mama," Protase alisema. "Mgeni ameondoka. Sheria iko pale pale."

"Marahaba. Nami niko pale pale."

Akaingia. Akatandika jamvi chini kabisa ya ile karatasi ya ukutani, akaketi. Wenzake wakaketi kumzunguka. Ta Kamugisha alikuwa benchini na kitabu. Alimtazama karani, akamtazama Kokubanza, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiweka juu ya mstari.

"Nkaija nabona," alisema, na maneno hayo hayakuwamo kitabuni.

"Bona tulole!"

Protase akainuka kitini. Ta Kamugisha akaanza kusoma kwa sauti. Protase akasema "Kimya!", tena akasema "Kimya!", akaja mpaka mbele ya jamvi, akasimama.

Kokubanza akavuta kikapu cha maharage mapajani, kimejaa hadi ukingoni, akaanza kuchambua.