Mgongo wa Kangaga

Mume wangu alifundisha sayansi maisha yake yote. Tangu astaafu, kila Jumapili baada ya ibada tunapanda msituni juu ya Mlalo kutafuta makangaga, mimea ya kivulini isiyotoa maua, yale tusiyoyajua. Mimi huenda kunyoosha miguu, yeye huenda kubishana. Kule yapo ya kila namna, mengine majani yake kama manyoya ya kuku, mengine mapana kama kiganja, na ukitazama upande wa juu tu utachanganyikiwa. Sheria yake ni moja: geuza jani. Mgongoni ndiko kwenye vidoa vya kahawia vyenye mbegu laini kama vumbi, na jinsi vilivyojipanga ndiyo inayokuambia ni kangaga gani.

Mwaka huu mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Daktari kule Lushoto akasema akipasuliwa ataona. Thubutu! "Macho yangu mazima, mama. Nani anitie kisu jichoni?" Na siku moja alikanyaga nje ya njia, akaokolewa na mgomba, chini yake ni bonde tupu. Nilimsema mpaka nikachoka. Niliogopa, basi.

Jumapili iliyofuata tulikuta kangaga geni limeota kwenye gogo lililooza. Nikachuma jani, nikamgeuzia, nikampa kabla sijalitazama mwenyewe. Akalisogeza karibu na pua, akalipeleka mbali, akakohoa kile kikohozi chake cha darasani.

"Mistari miwili," akasema. "Imefuata mshipa wa kati, imenyooka kabisa. Piga picha."

Nikainama na simu. Jani lilikuwa changa, kijani kitupu, halina hata doa moja.

Jamani! Kwa jinsi alivyonisumbua ningeweza kumcheka mpaka ajute, lakini nilibaki nimeinama na simu, picha sikupiga.

"Mbona kimya?" akauliza. "Wewe? Kimya?"

Nikarudisha simu mfukoni. Akapitisha kidole mgongoni mwa jani, taratibu, toka shinani hadi nchani, halafu akarudia.

"Hakuna kitu, siyo?"

"Hakuna, mzee wangu."

Akakaa chini palepale kwenye matope, na suruali yake ya kanisani. Nikakaa naye. Akanipa lile jani.

"Kesho nipeleke hospitali," akasema. "Na hilo jani usilitupe. Nataka nilione mwenyewe lilivyo tupu."