Aliyeonja Chumvi Yangu

Siku ile nilikuwa nikipika mbaazi za nazi, na Bwana Mutua amesimama mlangoni mwa jiko na kijiko chake. Kilikuwa chake kweli, alikinunua kwa kazi hiyo tu. Kila Ramadhani, baada ya alasiri, alikuja uani kuniangalizia chumvi, maana mie nimefunga na yeye hafungi. Alionja, akafumba macho kama kadhi anayepima kesi, kisha akatoa hukumu.

"Zataka kidogo, Bi Rukia."

"Kidogo cha kwenu bara ama cha kwetu?"

"Cha kwenu. Cha kwetu utamwaga sufuria."

Alikuwa mpangaji wangu hapa Majengo kwa mwaka wa kumi na mbili, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku asiyokuwa na pa kwenda. Msikitini hakuingia, na kanisani hakwenda. Majirani waliponiuliza ni wa dini gani nikawajibu kwamba hana, walishtuka kuliko kama ningewaambia ni mwizi. Mimi mwenyewe nilimkabili mwaka wa kwanza.

"Nilitafuta, sikuona," aliniambia. "Nikaona heri niseme kweli kuliko kupiga magoti kwa uongo."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikamwambia nitamwombea dua. "Niombee," akasema, "anayeniombea ananitakia mema." Inshallah haikutoka kinywani mwake hata siku moja, badala yake alisema "nikiwa mzima." Naye mwezi wa Ramadhani alikuwa akijifungia chumbani kula, asitutamanishe, mpaka nilipomgongea nikamwambia afungue dirisha, swaumu ya kuvunjwa na harufu ya chapati si swaumu.

Basi siku ile mbaazi hazijaiva, tukasikia milio ya bunduki upande wa barabara kubwa.

Mtu alikuwa ameuawa mtaani petu, na kila upande ukasema ni kazi ya upande mwingine. Askari wakaja na moshi wa kutoa machozi, vijana wakawa na mawe, kisha mawe yakawa si mawe tu. Kesho yake ikaanza kusemwa kwamba watu wa bara ni wapelelezi wa askari. Watu niliowauzia vitafunio miaka yote wakaacha kumwamkia Bwana Mutua. Niliwaonea haya, na nilikuwa naogopa.

Adhuhuri ya siku hiyo ya pili niliwasikia vijana wakija, nyumba kwa nyumba.

Nilimshika mkono, nikamtia chumbani mwangu, mjane mimi, mchana wa Ramadhani, nikafunga kwa ufunguo.

Walikuwa sita. Aliyetangulia alikuwa Athumani, kijana wa nyumba ya pili. Mkononi ana panga.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Mwataka nini?"

"Twamtaka yule kafiri wako."

"Ameondoka jana. Hayuko."

Athumani alitazama mlango wa chumba changu. Halafu akatazama rafu ya ukumbini, palipokuwa na msahafu.

"Tuapie."

Nilikuwa na udhu. Niliweka mkono juu ya msahafu nikasema wallahi, nyumba hii haina mtu ila mimi.

Wakaondoka. Athumani aliurudisha mlango polepole, kwa adabu.

Nilipomfungulia Bwana Mutua, shati lilikuwa limemgandama mwilini kwa jasho. Alikuwa amesikia yote.

"Mimi ningetoka nikasema kweli," alisema.

"Ndiyo maana nikakufungia."

Hakucheka. Alikaa kitako sakafuni, akaniuliza kiapo kama kile kina malipo gani kwetu. Nikamwambia nitatubu kwa Mola wangu, na kafara nitatoa: nitalisha maskini kumi.

"Kumi kamili?"

"Kumi."

Alitikisa kichwa kama karani aliyepokea barua ya kikazi. Wapo waumini ambao wangeniambia niache, Mungu anaelewa. Yeye asiyeamini hakunirahisishia hata kidogo, na nilimpenda kwa hilo.

Siku ya tatu kukatulia. Watu walitoka kuteka maji. Bwana Mutua akasema maduka ya Biashara Street yamefungwa, wapagazi na ombaomba wa barazani pale hawajatia kitu tumboni, yeye anajua walipo, aende akawaite waje kufuturu. Nilikataa. Akasema, "Kiapo ni chako, lakini shingo iliyopona ni yangu. Niachie sehemu yangu."

"Utarudi?"

"Nikiwa mzima. Chumvi iningoje."

Laiti ningemfungia tena.

Niliteleka pilau. Alasiri ikapita. Nikatoka barazani, nikamwona anakuja, mbali bado, na shati lake jeupe.

Milio mitatu.

Watu wakakimbia. Yeye hakukimbia.

Mpaka leo sijui risasi ilitoka upande gani. Waliokuwepo kila mmoja ana yake.

Nilipomfikia alikuwa amekwisha. Mtu mwingine alikuja akainama kando yangu, nikaona ni Athumani, mikono mitupu.

"Bi Rukia, uliapa."

"Niliapa."

Kisha akamshika miguuni, mimi mabegani, tukamwingiza ndani. Gari la kumpeleka chumba cha maiti lilipatikana karibu na magharibi.

Ilipoadhiniwa, mlango ukabishwa. Watu kumi. Alikuwa amewahesabu. Hawakujua lolote, maana walipitia vichochoro vya nyuma. Sikuwa na nguvu za kueleza wala haki ya kuwafukuza. Nikawapakulia. Chumvi ilikuwa imezidi. Nadhani niliitia mara mbili, sikumbuki. Walikula yote, hapana aliyesema neno. Mzee mmoja alipokuwa akinawa akauliza, "Yuwapi yule bwana aliyetualika? Tumwombee dua."

Nikamwambia, "Mwombeeni. Alikuwa hachukii kuombewa."

Ndugu yake Bwana Mutua alikuja kumchukua wampeleke kwao. Alikaa ukumbini akizungusha kofia mikononi. Mchungaji, alisema, angetaka kujua kama marehemu mwishoni aliomba. "Sema tu alilitaja jina la Mungu, mama. Wazee wetu wapate kupumua."

Rai hiyo ilinivuta. Ningemtuliza kwa neno moja, na nilikwisha kuapa uongo kwa ajili ya mtu yuleyule. Lakini ule ulimwokoa roho. Huu ungemwondolea kitu pekee alichokilinda maisha yake yote.

"Hakuwa na dini," nilisema, "na sijaishi na mtu mkweli kama yeye. Mkitaka kusema mengine, semeni nyinyi."

Alilia, akanishika mkono, akaenda zake. Walimzika walivyojua, na siwalaumu.

Miaka imepita. Kijiko kiko rafuni, chini ya msahafu. Chumba nimempangisha mtu mwingine. Ramadhani ikifika naonja mwenyewe, kwa ncha ya ulimi, kisha natema. Sheria inaruhusu mpishi kufanya hivyo.

Inaruhusu tangu zamani, na nilijua. Lakini mtu alikuwa akila peke yake chumbani mwezi mzima, nami nilitaka awe na sababu ya kuja uani.