Gari Laini la Kwenda Minova

Nilipaswa kumkatalia Koko. Ndivyo tulivyomwita bibi yetu, na nyumbani hakuna aliyezoea kumkatalia kitu.

Juzi, rafiki yangu, kamionete moja kuukuu, gari dogo la mizigo, ilipita mtaa wa Kadutu ikilia kwenye mashimo, nami nikasimama kando ya barabara hadi ilipopotea. Papa alikuwa na kama ile, miaka ya Zaïre. Siku ya soko ilibeba magunia. Jumapili ilitubeba sisi hadi Ibanda kwenye misa, ikiturusha mpaka Maman aume meno.

Jirani yetu, fundi, ndiye aliyempa Papa dawa. Chini ya gari kulikuwa na lame, vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kila Jumamosi tulitoa viwili kila upande, na Jumapili gari lilikwenda polepole kama mtumbwi ziwani. Tulirudi nyumbani tukinukia sabuni, sambaza, dagaa za ziwani, zikitungoja katika mafuta ya mawese.

"Leo nililala mu gari kama bibi ya shefu!" Koko alisema.

Kuzirudisha lame kabla ya soko ilikuwa kazi yangu. "Kwa watu, laini," Papa alinikumbusha kila mara. "Kwa muzigo, nguvu."

Safari moja Koko alitaka kwenda nasi Minova kununua maharagwe. Siku iliyotangulia alinikuta chini ya gari, mikono imejaa grisi.

"We fundi ya bure, achana na ile mavyuma. Siku moja tu. Mugongo yangu itakufa."

"Papa atanipiga, Koko."

"Atakupiga na mukono gani? Ule nilimuzalia miye?"

Nilicheka, nikatoka. Papa aliporudi, aliuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo.

Kwenda kulikuwa raha. Wakati wa kurudi, gari limejaa magunia, Koko alikataa kukaa mbele na Papa. Alipanda nyuma pamoja nami na wanawake wa soko, wakimenya karanga, wakimtania kwamba amerudia usichana. Kwenye mteremko nilisikia mlio kama wa bunduki. Gari likalala ubavu. Magunia yalikwenda yote upande mmoja, upande wa Koko.

Sikulia. Nilibaki nikitazama maharagwe yakimwagika barabarani, nikifikiri lazima tuyaokote kabla Koko hajayaona. Wanaume walipoondoa magunia, hakuna aliyeniruhusu kusogea karibu.

Papa aliinama chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alinitazama mimi, si maiti ya mama yake.

"Lame ziko wapi?"

"Chini ya kitanda yangu, Papa."

Hakunipiga. Siku hizi hata barabara ile imebadilika, na wanawake wale wote wamekwisha kufa, mmoja mmoja. Papa aliishi hadi uzee, tukala meza moja, lakini hakunituma tena kazi hata ndogo. Koko alikufa siku ile, nikamzika. Baba yangu nilimpoteza siku ileile, akiwa hai.